Mwalimu Melchior na Bakambale wa Paulin

Mwalimu Melchior alifika Butembo mwishoni mwa mwaka wa sitini, uhuru ukiwa bado unanuka rangi mbichi. Wazungu waliofundisha katika shule ya serikali karibu na soko walikuwa wameondoka mbio, mmoja akiacha hata supu mezani, na Wizara ikawa inatafuta mtu yeyote mwenye diploma na suruali iliyopigwa pasi ili azibe pengo. Melchior alikuwa na vyote viwili. Alitoka Luluabourg, kule Kasai, na barua iliyomtuma ilisema atakaa Kivu miezi sita tu. Inaonekana aliyeiandika alihamishwa yeye mwenyewe, akaenda na kumbukumbu yake.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye tai moja aliyoifua Jumamosi. Alipenda hesabu kama wengine wanavyopenda kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kitu kimoja tu kilimshinda kukihesabu: mshahara wake. Ulitoka Léopoldville ukiwa mnene, ukapitia Stanleyville, ukalala Bukavu, ukalala tena Beni, na kila ulipolala uliamka umekonda. Mchumba wake kule Kasai alingoja mahari yake miaka miwili, halafu akaolewa na karani wa reli. Melchior alipopata habari alifundisha kugawanya kwa desimali siku nzima, hata darasa la kwanza.

Serikali mpya ilibadili bendera, wimbo na majina ya barabara, lakini sheria moja ya wakoloni iliipenda, ikaibakisha: darasa lisilofika watoto arobaini linafungwa, na mwalimu wake anafutwa kazi. Kwa hiyo walimu wa Butembo walijua mambo ya uzazi kuliko wakunga. Walijua nani ana mimba, nani amehamia Kayna na watoto wake wanne, askari gani amehamishiwa huku na amekuja na wangapi. Mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nne Melchior alikuwa na watoto thelathini na nane wa kila umri, na usingizi wake ulikuwa mbaya.

Ndipo akatokea Ajida. Alikuwa mwanajeshi wa kutoka Équateur, kifua kama mlango, na alileta wana watatu: Omer, Gustave na kamdogo kanaitwa Urbain. Melchior alienda kupokea lori mwenyewe, akabeba godoro lao kichwani, tai shingoni. Arobaini na moja. Darasa limepona. Wale watatu walisema Kilingala nyumbani, na kwa juma moja waliwafundisha wenzao matusi yote ya kambini. Melchior aliwasamehe yote. Unamchapaje mtoto anayekushikia kazi?

Tangu Pasaka, lakini, mshahara haukufika tena, hata ule uliokonda. Kazi ilikuwepo, malipo hayakuwepo. Mwalimu aliishi kwa maharagwe ya wazazi, hasa ya Papa Paulin.

Huyu Paulin alikuwa mchuuzi wa vitunguu na kabichi. Kila juma alipanda lori kwenda Masereka, akarudi amelalia magunia. Alikuwa na mke mmoja, Thérèse, watoto tisa, tumbo la heshima na rozari mfukoni, na aliongoza kila kitu kilichokuwa na kiti cha mbele: kamati ya wazazi shuleni, baraza la wakristo parokiani. Mwaka uliopita ndiye aliyempeleka Kasika, mtoza kodi wa soko, mbele ya Padri kwa kosa la kuoa mke wa pili. Kasika alikatazwa komunyo, na Paulin mwenyewe ndiye aliyesoma hukumu kanisani, kwa sauti nzuri, mara mbili, maana wale wa nyuma hawakusikia vizuri.

Mwezi wa nane barebele, wale waasi wa kuipinga serikali, wakaingia.

Jeshi liliondoka mchana mmoja kuelekea Beni, Ajida akiwa nyuma kabisa, na kwenye daraja alisimama akawapiga barebele risasi mpaka wenzake wakavuka. Mke wake alikuwa hospitali ya Beni, amejifungua. Watoto alikuwa amewaambia wamngoje kwa Mwalimu, atawapitia saa kumi. Saa kumi ilipofika barabara ilikuwa imekatwa, na Omer alikuwa bado amekaa mlangoni na viatu vyake miguuni.

Barebele walilijua jina la Ajida vizuri sana. Walipita mitaa yote wakitangaza: mwenye kitu cha nyumba ya yule mtu, kiwe kiti, kiwe mtoto, akilete. Watoto wa komisere wa polisi walikuwa wameletwa. Yaliyowapata, watu wa mtaa ule walijua, na hawakuyasema hata wao kwa wao.

Directeur wa shule alikimbilia Masereka na madaftari yote na kengele. Walimu wengine walitawanyika. Melchior naye angeweza kuondoka, lakini njiani kulikuwa na vizuizi, na katika vinywa vya wale watoto kulikuwa na Kilingala, lugha ya jeshi. Akabaki. Personnel nzima ya shule sasa ilikuwa na suruali moja.

Siku chache baadaye akaitwa na Komisere wa Elimu wa mapinduzi. Aliitwa Abdias, kijana wa kutoka Maniema, mwenye kofia ya ngozi ya nyani na miwani myeusi iliyobaki na kioo kimoja. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Directeur akikizungusha. Alimwambia Mwalimu kwa upole kwamba mapinduzi yanawapenda walimu, kwamba serikali ya zamani ilikula jasho lao, na kwamba sanduku la pesa limefika. Mishahara yote tangu Pasaka italipwa. Ila kwanza mapinduzi yanataka statistique: batoto wangapi wa balimaji, wangapi wa bacuuzi, wangapi wa maadui. Kesho asubuhi watoto wote wawe uwanjani, na wazazi wao. Wakati huohuo vijana wake watapita nyumba kwa nyumba, na mtoto atakayekutwa nyumbani atahesabiwa kuwa wa adui.

"Mwalimu mwenye kuleta hesabu ya kweli, tutamulipa," alisema. "Mwenye kuficha mutoto hata moja, tutamulipa vilevile. Lakini ile malipo ingine."

Melchior alitoka pale akipiga hesabu. Kuwaficha nyumbani haiwezekani. Kuwaleta uwanjani kama walivyo, ni kuwachinja kwa mkono wake. Ilibaki njia moja: waje uwanjani wakiwa watoto wa mtu mwingine.

Alienda kwa Paulin, akamwomba awe baba yao kwa asubuhi moja. Paulin aliendelea kuchambua vitunguu. Kisha akasema ana tisa, watu wameshaacha kuwahesabu, kumi na wawili haitaonekana. Majirani hawatasema kitu. Kuhusu Kasika, ambaye sasa amevaa kitambaa chekundu cha barebele na anatembea na Komisere kumwonyesha nani ni nani, yeye anajua sura za watu wa soko tu. Watoto wa kambini walinunuliwa vitu kantini, hajawahi kuwaona karibu. Halafu Paulin akauliza wataitwa nani. Melchior akamwambia asijisumbue, majina ni kazi ya shule.

Na hapo ndipo elimu ilipofanya kazi yake. Melchior alikaa miaka minne Butembo bila kumwuliza mtu yeyote chochote, maana mwalimu huulizwa, haulizi. Lakini alikuwa amehesabu. Katika watoto wake arobaini na mmoja, kumi na wanne waliitwa Kambale. Sababu hakuijua; alidhani Wanande walikuwa na babu mmoja wa jina hilo waliyempenda sana. Hesabu ilikuwa wazi kabisa: jina lililo jingi ndilo lisiloonekana. Asubuhi, kabla ya kutoka, aliwapanga wale watatu mbele ya meza akawaambia: "Leo munaitwa Kambale."

Omer akauliza: "Sisi wote?"

"Wote."

Omer alifungua mdomo aongeze neno. Melchior akamwambia anyamaze, na kwamba yule mdogo asithubutu kusema Kilingala hata akikanyagwa.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watoto walisimama mstari mmoja mrefu, wazazi nyuma ya uzio wa matete. Kwenye ngazi ya darasa la kwanza kulikuwa na sanduku la bati, na juu yake ameketi mrebele mmoja, bunduki mapajani, anakula muhogo mbichi. Melchior aliwekwa kando ya sanduku lile. Abdias alikaa kwenye kiti cha Directeur, Kasika amesimama bega kwa bega naye, na mtoto mmoja mmoja akaitwa mbele aseme jina, baba, na kazi ya baba.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kasereka, wa fundi seremala. Kambale, wa mulimaji. Masika, wa mulimaji. Kambale, wa mwenye ng'ombe. Kambale wa kweli wa Paulin, kijana wa meno makubwa, akapita. Kasika alimjua, akaitikia kwa kichwa. Kambale, wa mulimaji. Kambale tena.

Abdias alishusha kalamu. "Mwalimu, weye unanicheza? Mutoto moja unamupitisha mara ngapi?"

Mrebele wa sanduku akaacha kutafuna. Kasika akacheka. "Hapana, Komisere. Huku kwetu haiko baba anachagua jina. Mutoto mwanaume wa pili wa mama njo Kambale. Wa tatu, Kasereka. Wa ine, Kakule. Batoto banazaliwa na jina tayari."

"Donc kila nyumba iko na Kambale yake."

"Kila mama. Lakini moja tu. Kambale mbili kwa mama moja, ile haiko. Hata mulevi hawezi kuharibu vile."

Melchior alisikia. Miaka minne aliishi kati ya watu hawa, akaandika majina yao kwa chaki kila asubuhi, na somo lenyewe alilipata sasa, bure, kutoka kwa mtoza kodi. Akautazama mstari. Omer alikuwa wa sita kutoka mbele, Gustave nyuma yake, Urbain nyuma ya Gustave.

Alipiga hatua kwenda kwenye mstari, akisema anaenda kuunyosha. Mrebele akainua bunduki kidogo tu, kwa mkono ule ule ulioshika muhogo, akamwambia Mwalimu abaki pale pale. Melchior akakohoa. Akajaribu kumkonyeza Omer, lakini Omer alikuwa anaangalia mbele, mikono imenyooka, kama Melchior mwenyewe alivyomfundisha. Watano. Wanne. Mtoto wa muuza chumvi. Msichana mmoja aliyesahau kazi ya baba yake akalia, akangojewa mpaka akakumbuka. Melchior aliomba asikumbuke kamwe.

Omer akafika.

"Kambale," alisema. "Wa Papa Paulin. Mucuuzi."

Kasika aliinamisha kichwa upande. "Kambale wa Paulin alishapita."

Omer akabaki amenyooka. Kasika akamsogeza kando kwa kidole kimoja, akamwita anayefuata. Gustave akasema Kambale, wa Papa Paulin. Kasika akamsogeza naye, akamwita wa tatu. Urbain aliona nyuso zote zimekauka, akadhani kosa ni lake, kwamba hakujibu vizuri, na kwa kuwa Mwalimu siku zote alidai sentensi nzima, akavuta pumzi akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Jina langu ni Kambale na miye ni mutoto wa Papa Paulin."

Uwanja mzima ulisikia. Watu zaidi ya mia waliwajua wale watoto, na miongoni mwao walikuwepo wadogo wa miaka sita ambao kila siku walimwita Urbain kwa jina lake. Ingetosha mmoja tu acheke. Mrebele alisimama kutoka kwenye sanduku. Abdias alivua miwani.

"Ine," alisema Kasika taratibu. "Paulin iko na Kambale ine." Akatembea mpaka kwenye uzio, mikono mgongoni. "Mukubwa wa parokia. Sogea huku, bakuone."

Melchior alifungua mdomo aseme kosa ni lake, kwamba majina aliyatoa yeye, wamchukue yeye. Lakini kabla sauti haijatoka, Paulin alikuwa ameshapita kwenye mwanya wa matete, tumbo mbele, kofia mkononi. Alimwangalia Thérèse aliyebaki nyuma na kikapu kichwani. Alimwangalia sana. Kisha akamgeukia Kasika.

"Kasika, weye ulikuwa mutu wa kodi, unajua hesabu. Kambale ine, bamama ine."

Mtu mmoja nyuma ya uzio aliangusha kitu. Kasika alisimama kama aliyemwagiwa maji. Halafu uso wake ukaanza kufunguka, polepole, kutoka macho kwenda mdomoni.

"Sema tena," alisema. "Bale ba nyuma hapana sikia."

Paulin akasema tena. Alisema kwa sauti ile ile nzuri aliyosomea hukumu, kwamba yeye, Paulin, ana wanawake wanne, na kila mmoja amemzalia Kambale. Jasho lilimshuka mpaka kwenye kola. Abdias akasema, nusu kwa mshangao nusu kwa heshima, kwamba wanne ndiyo kipimo cha shehe mmoja, mjomba wake, kule Kasongo.

Lakini Kasika alikuwa amezeeka katika kazi ya kodi, na mtu wa kodi haamini mzigo asiouona. Akauliza wako wapi hao bamama. Waje wasimame na batoto wao.

Paulin hakuwa amefikiria mpaka huko. Mrebele akamshika Omer bega. Wanawake nyuma ya uzio waliangalia miguu yao, na pale ilionekana kwamba yote yamekwisha, kwamba hesabu itafungwa sasa hivi, watoto watatu, mwalimu mmoja na mchuuzi mmoja.

Kikapu cha Thérèse kilianguka chini, kabichi zikabingirika mpaka miguuni mwa Komisere.

Thérèse alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima haukuwahi kusikia sauti yake ikipanda. Alikuja mpaka mbele ya mume wake, akamwangalia kama anayeangalia nyama iliyooza.

"Njo leo unasema," alimwambia. "Mbele ya bunduki. Miaka yote nakupikia, naosha yale mashati, nanyamaza kwa sababu ya Padri, na weye unangojea bunduki." Akageuka kwenye uzio. "Julie, toka. Hapana jificha nyuma ya Berthe, maana na Berthe atatoka."

Julie alikuwa mjane aliyeuza kasiksi. Berthe alishona nguo, hakuwa na mume wala mtoto. Hakuna kati yao aliyewahi kupewa na Paulin kitu zaidi ya mahubiri. Lakini Julie hakusita hata kidogo. Alitoka akifunga kitenge kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa Gustave, akamshika sikio.

"Nilikukataza kutaja baba yako mbele ya batu," alimwambia. "Nilikukataza ao hapana?"

Gustave alilia kwa maumivu ya kweli, na hilo lilisaidia. Berthe akaja nyuma, akambeba Urbain. Mtoto alikuwa ameshaanza kusema neno, na neno lile lilikuwa Kilingala. Berthe akamkandamiza uso kwenye shingo yake, neno likaishia pale.

"Na wa ine?" Kasika alisema, kidole kwa Omer.

"Wa ine iko Masereka," alisema Thérèse, "kwenye vitunguu. Ninyi mulizani ni vitunguu gani vinanunuliwa kila juma, mvua inanyesha, lori zinaanguka? Mukaulize ile vitunguu iko na miguu ngapi."

Kicheko kilipasuka nyuma ya uzio. Kilianza kwa hofu, halafu kikawa kicheko kwelikweli, na Abdias naye akacheka, na mrebele akamwachia Omer bega ili apate kujipangusa mdomo. Kasika peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Paulin kwa furaha kubwa mno isiyo na nafasi ya kicheko. Angeweza kuuliza swali moja zaidi. Angeweza kumwambia Omer aseme maneno mawili ya Kinande. Watu wa Butembo wamebishana sana kama aliamini au hakuamini. Wengine wanasema alijua tangu Kambale wa pili. Lakini alikuwa amepewa Paulin, mzima mzima, mbele ya parokia yote, na hakutaka kumrudisha.

"Andika, Komisere," alisema. "Batoto ya mucuuzi. Muzinzi, lakini mucuuzi."

Hesabu ikaisha: maadui hakuna. Abdias akafungua sanduku, akamlipa Melchior mishahara yote tangu Pasaka papo hapo, kwa noti mpya, na akampa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru alipwe siku aliyoahidiwa. Jioni alijaribu kununua sabuni. Hakuna duka lililopokea noti zile. Julie alikubali moja, kwa heshima tu, akazibia tundu la ukuta wake.

Watoto waliendelea kuishi kama Bakambale, Omer kwa Paulin, wawili kwa mama zao wapya, na Julie alizoea kuvuta sikio. Kabla ya Noeli jeshi likarudi. Ajida alishuka kwenye lori amekonda, akawapata wanawe wote watatu, akalia mbele ya askari wake bila aibu, akampigia Paulin saluti kama jenerali. Kesho yake aliwachukua mpaka Beni kwa mama yao, kisha akahamishwa, na familia nzima ikapotelea upande wa Équateur. Kasika alikuwa ameshatoweka na barebele. Na Padri alirudi kutoka maficho yake, akakuta parokia ina kesi moja tu inayozungumzwa.

Paulin akavuliwa uongozi wa baraza, akakatazwa komunyo. Alieleza kila kitu. Padri akamwambia kwa huzuni kwamba mji mzima ulimsikia, tena mara mbili. Majirani walisema ndiyo, batoto walikuwa wa Ajida. Lakini wale wale, usiku wa kasiksi, waliongeza kwamba mtu hawezi kuwaza wanawake wanne kwa haraka vile kama hana hata mmoja wa kuanzia. Baraza likataka shahidi mmoja mwenye kuapa: Mwalimu, aliyetoa yale majina.

Na wakati huo huo Inspekta wa shule alifika kutoka Beni na mishahara ya nyuma. Ilikuwa tayari, kwenye bahasha, kwa kila mwalimu ambaye hakugusa pesa ya barebele. Karani wa Inspekta alikuwa pia katibu wa baraza la parokia, na kalamu yake ilikuwa ile ile.

Melchior aliijua hesabu hiyo. Akinyamaza, anapata bahasha, labda hata anarudi Kasai kutafuta mchumba mwingine. Akisimama kuapa, lazima aeleze asubuhi yote, na asubuhi yote ina sanduku ndani yake. Alizunguka parokia mara kadhaa, tai shingoni, watu wakimwona. Kisha akaingia. Alisimulia yote: majina, ujinga wake, sanduku, noti. Katibu aliandika bila kuinua kichwa. Bahasha yake ilirudishwa Bukavu, na huko, bila shaka, ililala.

Baraza likamwamini kuhusu Julie, likamwamini kuhusu Berthe. Ila mzee mmoja akauliza juu ya yule wa Masereka. Yule hakuonekana uwanjani, na Mama Thérèse alimtaja upesi, pamoja na mahali anapokaa. Mwalimu anaweza kuapa pia kwa huyo?

Melchior akasema ukweli, kwamba kwa upande wa vitunguu hana habari.

Paulin akarudishiwa komunyo, uongozi ukabaki unachunguzwa. Wakamwuliza Thérèse alitoa wapi lile neno. Akajibu lilimjia tu mdomoni. Lakini tangu siku ile lilikuwa halijamtoka kichwani. Alilala nalo, akapika nalo. Mwishowe alikwenda shuleni, akamkuta Melchior anafuta ubao, akamwambia kwa adabu kwamba kwa kuwa serikali haimlipi, yeye atamlipa: gunia la viazi kila mwezi. Kazi ni ndogo. Kila juma Mwalimu atapanda lori na Papa Paulin kwenda Masereka, atarudi naye, na jioni atamweleza alichokiona.

Juma lililofuata walipanda. Ilikuwa baridi, wamekaa juu ya magunia matupu. Lori liliposimama mlimani penye soko la vitunguu, mwanamke mmoja mnene alitoka nyuma ya lundo la kabichi, uso unang'aa, akaita: "Paulin, leo umechelewa."

Paulin alianza kuchagua kabichi kwa uangalifu ambao kabichi hazihitaji. "Ni mutu wa biashara tu, Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Ananiuzia tangu zamani."

Melchior alimwangalia yule mama. Nyuma yake, juu ya gunia, kulikuwa na kitoto cha kiume kinakula karoti. Alianza kukiuliza jina, akajizuia. Thérèse atamngoja jioni mlangoni. Mwalimu alikuwa na safari nzima ya kurudi ya kutafuta la kumwambia, na lori lile, kwa bahati nzuri, liliharibika njiani karibu kila mara.